Lenzi kuukuu za kamera: Hitilafu hutambuliwa kabla ya kushika bisibisi

LENZI za kamera zilizoundwa kati ya miaka ya 1930 na 1960 zimerejea mikononi mwa wapigapicha wengi. Wapo wanaozitumia kwa filamu kama zamani, na wapo wanaozifunga kwenye kamera za kidijitali ili wapate sura ya picha ambayo lenzi za kisasa haziitoi.

Hata hivyo, chombo chenye umri wa zaidi ya miaka 60 hakikosi kasoro. Pete huwa ngumu kuzunguka, kioo hufunikwa na utando, na picha hutoka hafifu bila sababu ya wazi. Hapo ndipo mmiliki hushawishika kuchukua bisibisi na kuifungua lenzi ili aone kilichomo.

Hilo ndilo kosa kubwa. Lenzi nyingi kuukuu zilizoharibika kabisa hazikuuawa na uzee, bali na mkono uliozifungua kabla ya kujua ulichokuwa ukikitafuta. Parafujo iliyochubuka kichwa au kioo kilichorudishwa kinyumenyume ni madhara ambayo hayakuwepo awali.

Makala haya yanaangazia lenzi za kamera za kipimaumbali, jinsi ya kutambua ugonjwa wake, na marekebisho ambayo mtu mwenye subira anaweza kuyafanya mwenyewe.

Kamera ya kipimaumbali ni ipi?

Kamera ya Leica, iliyobuniwa na Oskar Barnack katika kiwanda cha Ernst Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, ilionyeshwa kwa umma mwaka wa 1925 katika maonyesho ya Leipzig. Mwaka wa 1932, kiwanda hicho kilitoa Leica II, iliyokuwa na kipimaumbali kilichounganishwa na lenzi. Mwaka huohuo, kampuni ya Zeiss Ikon ilitoa Contax, mshindani wake mkuu.

Katika kamera hizi, mpigapicha hatazami kupitia lenzi yenyewe. Hutazama kupitia dirisha dogo lililo juu yake, ambamo huona taswira mbili za kitu kimoja. Anapozungusha pete ya lenzi, taswira hizo husogeleana hadi zikashikana na kuwa moja. Hapo huwa amelenga sawasawa.

Siri ya ushirikiano huo iko nyuma ya lenzi. Pete ya chuma iliyo nyuma yake husukuma mkono mdogo ulio ndani ya kamera, na mkono huo ndio unaosogeza taswira dirishani. Lenzi ikisogea mbele sehemu ndogo ya milimita, mkono nao husogea.

Hivyo basi, mpigapicha huona kile ambacho kipimaumbali kinamwambia, si kile ambacho lenzi inaona. Vyombo hivi viwili vikitofautiana, taswira dirishani zitashikana vizuri ilhali picha kwenye filamu itakuwa hafifu, na mwenyewe hatajua hadi filamu isafishwe. Hii ndiyo sababu hitilafu za lenzi hizi hazitambuliki kwa kutazama dirishani pekee.

Vipimo ambavyo ni sharti vidumishwe

Lenzi za Leica za kufunga kwa hesi zina kipenyo cha milimita 39, na umbali kutoka uso wa pete ya kamera hadi kwenye filamu ni milimita 28.8. Kamera ya Leica M3 ya mwaka wa 1954 ilileta mfumo mpya wa kufunga lenzi kwa kuizungusha kidogo tu, na umbali wake ni milimita 27.8. Tofauti hiyo ya milimita moja ndiyo inayowezesha lenzi za zamani kutumika kwenye kamera za M kwa kutumia pete ya kuunganishia.

Mfumo wa hesi ya milimita 39 uliigwa kote duniani. Nchini Japani, Canon na Nikon ziliunda lenzi za aina hiyo. Katika Muungano wa Kisovieti, kiwanda cha FED mjini Kharkiv kilianza kuunda kamera za kuiga Leica mwaka wa 1934, na baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia kikafuatwa na kamera za Zorki kutoka Krasnogorsk. Kamera hizo ndizo zilizotumia lenzi za Jupiter na Industar, ambazo leo hununuliwa na wengi kwa kuwa bei yake ni nafuu kuliko ya Leica.

Vipimo hivi huhitaji usahihi mkubwa mno. Kwa kawaida ya filamu ya milimita 35, lenzi iliyofunguliwa hadi f/2 huvumilia kosa la takribani milimita 0.06 tu, mbele au nyuma. Huo ni unene unaokaribiana na wa karatasi nyembamba. Mtu anayefungua lenzi na kuifunga bila kurudisha kila washa mahali pake anaweza kuupita mpaka huo bila kujua.

Lenzi au kamera?

Swali la kwanza si kuhusu kilichoharibika ndani ya lenzi. Ni kama kosa ni la lenzi au la kamera. Majaribio matatu yanatosha kulijibu, na hakuna hata moja linalohitaji kufungua parafujo.

Jaribio la kwanza ni la mbali. Mpigapicha hutazama mnara, kilele cha mlima au mwezi, kisha huzungusha pete ya lenzi hadi inapokomea kwenye alama ya umbali usio na kikomo. Taswira mbili dirishani zinapaswa kushikana hapo hapo. Zisiposhikana, afunge lenzi nyingine kwenye kamera hiyo. Kosa likibaki lilelile, kamera ndiyo inayohitaji kurekebishwa. Likitoweka, lenzi ndiyo ya kutiliwa shaka.

Jaribio la pili huchunguza kile ambacho lenzi inaona kwa hakika. Kamera ambayo mgongo wake hutoka, mathalani FED-2 au Zorki-4, hufunguliwa bila filamu. Kipande cha kioo chenye uso uliokwaruzwa huwekwa kwenye reli za ndani ambazo filamu hupita, uso huo ukitazama lenzi. Shata huachwa wazi kwa alama ya B, na lenzi hufunguliwa kikamilifu. Picha itakayoonekana kwenye kioo hicho hutazamwa kwa lenzi ya kukuza. Kitu cha mbali kisipokuwa wazi pete ikiwa imekomea, basi lenzi haiko umbali unaofaa kutoka kwenye filamu.

Jaribio la tatu ni la karibu. Ukurasa wa gazeti huwekwa kwa mshazari, takribani mita moja kutoka kwenye kamera. Mpigapicha hulenga mstari mmoja ulio katikati, kisha hupiga picha lenzi ikiwa wazi kabisa. Picha itaonyesha kama mstari uliolengwa ndio ulio wazi zaidi, au ni ule wa mbele yake au wa nyuma yake.

Wamiliki wa kamera za kidijitali zenye kipimaumbali, kama vile Epson R-D1 ya mwaka wa 2004 na Leica M8 ya mwaka wa 2006, huweza kufanya jaribio la tatu bila kugharimika kwa filamu. Kamera nyingine za kidijitali zisizo na kioo cha kuakisi hufaa kwa kuchunguza ubora wa kioo cha lenzi, lakini hazina mkono wa kipimaumbali. Haziwezi kusema lolote kuhusu pete ya nyuma ya lenzi. Isitoshe, pete nyingi za kuunganishia huundwa zikiwa fupi kidogo, na kwa hivyo alama za umbali zilizo kwenye lenzi hazitegemeki hapo.

Kusoma dalili katika picha

Picha yenyewe husema mengi kwa anayejua kuisoma.

Picha ikiwa wazi upande mmoja na hafifu upande wa pili, lenzi imeinama. Chanzo huweza kuwa pete iliyopindika baada ya lenzi kuanguka au sehemu ya ndani iliyolegea. Kwa lenzi zinazokunjwa kuingia ndani ya kamera, kama vile Elmar, Summar na Industar-22, hali hii hutokea mrija wake ukiwa umechakaa. Kabla ya kulaumu chochote, mwenye lenzi ya aina hii ahakikishe kwamba ameivuta hadi mwisho na kuizungusha hadi ikajifunga.

Picha ikiwa wazi kwa vitu vya mbali lakini hafifu kwa vya karibu, tatizo ni kutoelewana kwa lenzi na kipimaumbali.

Picha ikiwa wazi lakini imefifia rangi, weusi ukionekana kijivu na taa zikizungukwa na mwanga uliotapakaa, kioo kina utando. Kulenga upya hakutasaidia lolote.

Picha ikiwa hafifu pembezoni kote, huku katikati ikiwa wazi kiasi, yamkini kuna kioo kilichorudishwa kinyumenyume na aliyewahi kuifungua lenzi hiyo. Vichwa vya parafujo vilivyochubuka na pete zenye mikwaruzo ni ushahidi kwamba lenzi imewahi kupita mikononi mwa asiye fundi.

Pete ngumu

Kasoro inayojitokeza zaidi ni pete ya kulengea kuwa nzito. Chanzo chake aghalabu ni grisi iliyokauka. Grisi hutengana kwa miaka mingi: mafuta hutoka na kusambaa, na masalio yake hugeuka kuwa kama nta.

Wengi hupuliza mafuta ya kulegeza kutu kwenye mwanya wa pete. Pete hulainika siku hiyohiyo, lakini mafuta hayo mepesi hutambaa hadi kwenye vioo na vibapa vya kiwambo cha mwanga. Tatizo moja huwa limegeuka kuwa matatu.

Njia inayofaa ni kufungua hesi ya kulengea, kuisafisha na kuipaka grisi mpya. Kwanza, kikundi cha vioo hutolewa kizima na kuwekwa kando mahali pasipo vumbi. Pili, alama ya penseli huwekwa pale pete inapokomea, na nyingine mahali hasa ambapo sehemu mbili za hesi zinaachana zinapofunguliwa.

Alama ya pili ndiyo inayosahauliwa, na gharama yake ni kubwa. Hesi za lenzi huwa na njia kadhaa za kuingilia, si moja kama ya skrubu ya kawaida, na ni njia moja tu inayorudisha lenzi mahali pake. Ikiingizwa kwenye njia nyingine, itazunguka vizuri kabisa lakini kamwe haitalenga sawa. Aliyesahau kuweka alama hana budi kujaribu njia zote moja baada ya nyingine.

Grisi ya zamani huondolewa kwa mswaki laini na petroli nyepesi ya kiberiti cha utambi. Kazi hii hufanywa dirisha likiwa wazi na mbali na moto, kwa kuwa petroli hiyo hushika moto upesi. Grisi mpya hupakwa kidogo sana, kiasi cha kung'arisha meno ya hesi tu. Ikizidi, itasukumwa ndani na kuanza safari ya kuelekea kwenye vioo.

Mafuta kwenye vibapa

Kiwambo cha mwanga huundwa kwa vibapa vyembamba vya chuma vinavyopishana. Katika lenzi za kamera zenye kioo cha kuakisi, vibapa hujifunga vyenyewe kwa kasi wakati wa kupiga picha, na mafuta huvichelewesha. Katika lenzi za kipimaumbali, mpigapicha huvipanga kwa mkono, kwa hivyo mafuta hayaharibu kipimo cha mwanga moja kwa moja.

Hii haina maana kwamba mafuta hayo yapuuzwe. Mvuke wake hutua kwenye vioo vilivyo jirani na kuwa utando. Baadhi ya lenzi za Canon za milimita 50 zinajulikana mno kwa utando unaojitokeza kwenye kioo kilicho nyuma ya kiwambo. Aidha, vibapa vilivyogandamana vikilazimishwa huweza kupindika au kuchomoka kwenye vishikizo vyake, na kuvipanga upya ni kazi ya saa nyingi hata kwa fundi. Pete ya kiwambo ikikataa kuzunguka, isilazimishwe.

Utando, kuvu na gundi

Lenzi hukaguliwa kwa tochi ndogo, mwanga ukipita kutoka nyuma na jicho likitazama kwa mshazari. Mambo matatu huweza kuonekana, na ni muhimu kuyatofautisha.

Utando hufanana na pumzi iliyotua kwenye kioo. Mara nyingi hutoka kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi na majimaji ya kusafishia lenzi, mradi haujakaa muda mrefu kiasi cha kula kioo.

Kuvu huonekana kama nyuzi za buibui zinazotawanyika kutoka mahali pamoja. Huota palipo na unyevu, joto na giza. Mazingira ya Pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Zanzibar, huipa nafasi nzuri ya kustawi, hasa lenzi zikifungiwa ndani ya mifuko ya ngozi. Kuvu ikiwahiwa husafishwa na kioo kikabaki salama. Ikiachwa, asidi yake hula tabaka la kinga na hatimaye kioo chenyewe, na alama hizo hazifutiki. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mabaka yenye rangi za upinde wa mvua kwenye ukingo wa kioo ni dalili kwamba gundi inayounganisha vioo viwili imeanza kuachia. Lenzi za zamani ziliunganishwa kwa gundi ya utomvu wa mti. Hili si jambo la kujaribiwa nyumbani. Mabaka yakiwa ukingoni tu, lenzi huweza kuendelea kutumiwa.

Tahadhari nyingine ni ya mikwaruzo. Kioo cha mbele cha lenzi ya Summar, iliyotolewa mwaka wa 1933, ni laini mno na hukwaruzika kwa kupanguswa tu. Kabla ya kitambaa kugusa kioo chochote, vumbi lipeperushwe kwanza kwa pampu ndogo ya mpira.

Kisa cha Jupiter-8

Lenzi ya Jupiter-8 ya milimita 50 ni mfano bora wa hitilafu isiyo hitilafu. Muundo wake unatokana na Sonnar, uliobuniwa na Ludwig Bertele wa Zeiss. Muungano wa Kisovieti uliuchukua pamoja na mitambo ya Ujerumani baada ya vita.

Wengi huifunga lenzi hii kwenye Leica na kupata picha nzuri za mbali, ila nyuso za watu walio karibu hutoka hafifu. Hudhani imeharibika, wakaanza kuifungua. Kumbe kinachotofautiana ni vipimo: kipimaumbali cha Leica kimepangwa kwa lenzi yenye kina cha milimita 51.6, ilhali kina halisi cha Jupiter-8 kinakaribia milimita 52.4.

Tofauti hiyo ni ndogo, lakini hesabu yake ina uzito. Kitu kikiwa mita moja mbele ya lenzi, Leica hudhani lenzi imehitaji kusogea mbele milimita 2.81, ilhali Jupiter-8 inahitaji milimita 2.90. Upungufu huo wa milimita 0.09 unapita uvumilivu wa milimita 0.06 uliotajwa awali. Lenzi hulenga nyuma ya uso uliokusudiwa.

Tiba yake ni kuongeza unene wa washa iliyo kati ya kikundi cha vioo na mwili wa lenzi, ili vioo visogezwe mbele kidogo. Lakini kila tiba ina gharama. Washa ikiongezwa milimita 0.09, lenzi iliyokomea kwenye alama ya mbali kabisa itakuwa imelenga takribani mita 30 tu. Mpigapicha wa mandhari atalazimika kubana kiwambo hadi f/5.6 au zaidi ili milima iwe wazi. Anayepiga picha za watu atafaidika. Anayepiga picha za milima ni heri aiache lenzi ilivyo.

Mahali pa kukomea

Vifaa vya kazi hii si vingi: bisibisi zinazoingia barabara kwenye vichwa vya parafujo, spana ya ncha mbili ya kufungulia pete, kibano, kizibo cha mpira, lenzi ya kukuza na sinia yenye kitambaa cheupe. Picha za simu zikipigwa katika kila hatua huwa kumbukumbu ya mpangilio. Pete ikikataa kufunguka, kwanza itafutwe skrubu ndogo ya pembeni inayoizuia, kwa kuwa huenda imefichwa chini ya rangi.

Mmiliki anaweza kusafisha hesi, kuondoa utando kwenye vioo vya nje na kubadilisha washa. Kutenganisha vioo vilivyounganishwa kwa gundi, kupanga upya vibapa na kunyoosha lenzi iliyoinama ni kazi za fundi mwenye vifaa vya kupimia.

Baada ya matengenezo, majaribio matatu yarudiwe kwa mpangilio uleule, na matokeo yaandikwe pamoja na unene wa washa uliotumika. Kisha lenzi ihifadhiwe mahali pakavu penye hewa, ndani ya chombo chenye vifuko vya kufyonza unyevu, na itumiwe mara kwa mara. Lenzi inayotoka nje kuona mwanga si rahisi kuota kuvu, wala grisi yake haigandi upesi kama ya ile inayosahauliwa kabatini.